Kibao cha Kairo na Namba ya Ujiji

Buyenzi, Bujumbura
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa mke wangu Zena, Mama Mwajuma,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na hasira zako zimepoa, na kama moja lazima lingoje, basi afya itangulie, hasira zitafuata. Mimi sijambo. Lile jino la nyuma lililonitesa tangu Ramadhani liling'oka lenyewe nikitafuna muhogo wa kuchoma, kwa hiyo hata daktari sikumsumbua. Mguu wa mama unaendeleaje? Paa la jikoni mdogo wangu Sadi amelitengeneza, au bado anatoa hotuba kuhusu kulitengeneza? Na Mwajuma, bado amenuna? Mwambie anune kwa kiasi, bibi harusi akizoea kununa mashavu hukaa hivyo hivyo.

Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita, imekunjwa ndogo kabisa ndani ya soksi ya mfanyabiashara wa dagaa, lakini kila neno lilisomeka. Uliuliza swali moja tu: Ujiji na Bujumbura kuna umbali gani? Ukaandika kwamba shangazi yako alikuwa akipanda boti jioni, akiamka yuko Bujumbura, na kabla wiki haijaisha ameshauza vitu vyake na kurudi. Kisha ukamalizia kwa methali: njia ya mwongo fupi, ila ya Haruna haina mwisho. Chini yake ukapiga mistari miwili.

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikaona aibu. Wewe umeuliza umbali, na mimi fundi wa vibao, ninayeshinda nikiwaandikia watu mambo yao, sikuwa na namba ya kukupa. Sasa kaa kitako nikueleze yaliyonikuta, maana ni marefu. Mahali pa kucheka cheka, sikuzuii, lakini mwisho wa barua usome taratibu, nimeweka amana yangu hapo.

Kwanza nikubali kosa. Harusi ya mtoto wetu nimeikwamisha mara mbili. Mara ya kwanza boti zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya vikwazo vya nchi jirani, hilo hata wewe ulilisikia redioni. Mara ya pili nilipanda gari kabisa, katika msafara unaosindikizwa na askari kwenye barabara ya ziwani, na godoro la Mwajuma nimelikumbatia. Tulikwenda mwendo wa nusu saa, tukakaa juani saa tano, tukarudishwa. Nikaingia Buyenzi jioni ileile na godoro lilelile. Jirani mmoja, sijui ni utani au ni ujinga, akanipa pole ya safari na kuniuliza kama Ujiji hawajambo. Nikamjibu hawajambo, wanakusalimu. Godoro sasa nalilalia mwenyewe, utanisamehe, nitaleta kitu kingine.

Na sasa Mzee Kitwana amesema Ijumaa hii inayokuja ndiyo ya mwisho; ikipita, kijana wake Idi ataposa nyumba nyingine. Simlaumu, mtu hawezi kulisha wageni mara tatu kwa ndoa moja. Mwajuma naye amesema baba yake yu hai, hataozwa kwa karatasi wala kwa baba mdogo. Ama nikae mbele ya shehe niseme kwa mdomo wangu kwamba nimemwoza, ama asiolewe. Huyo ndiye mwanangu, na kichwa kigumu amekitoa kwenu. Lakini nilipoyasoma hayo nililia, Zena. Nakuambia kwa sababu hunioni.

Tangu siku hiyo, ili kupita kizuizi cha mwisho cha mji, bariyeri wanavyoiita huku, mgeni kama mimi lazima awe na karatasi ya ruhusa, yaani lesepase. Nilikwenda kuiomba mara tatu. Karani, mtu hodari wa kutotazama watu usoni, aliniuliza sababu ya safari. Nikasema harusi ya binti yangu. Akasema katika mji huu kila mtu ana harusi au msiba mahali fulani, akafunga dirisha. Mara ya pili nikamweleza kwamba mimi ndiye walii, bila mimi ndoa haifungwi. Akasema basi ndoa ingojee amani, kama sisi wote tunavyoingojea. Mara ya tatu hakusema kitu, alikuwa anakula.

Sasa sikia habari ya kibao.

Kusini mwa mji, ukishapita Kibenga, hatua chache kabla ya bariyeri hiyohiyo, kuna kituo cha mafuta cha mtu anayeitwa Severini, ila sote tunamwita Patroni. Kituo hakina mafuta. Tangu vikwazo vianze pampu zake zimefungwa kamba, na kuku wanataga chini ya moja yao. Mtu mwingine angekata tamaa. Patroni yeye alikuja kibandani kwangu amevaa tai, akasema anataka kibao kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuonekana Burundi. Alikuwa ameona picha gazetini, barabara fulani ya jangwani, na kibao chake kimetaja mji ulio mbali kilometa maelfu. Vita vitakwisha, akasema, malori yatarudi, na dereva akitoka mjini kitu cha kwanza atakachokiona ni dunia nzima imeandikwa, ashtuke, asimame, ajaze tangi kwa Patroni.

"Esansi haiko," aliniambia, maana huku petroli ni esansi na kibao ni pankarte, "lakini pankarte itakuwa. Mutu akiona Kairo iko mbali vile, atajaza tanki mupaka juu."

Orodha yake ilikuwa Mombasa, Lusaka, Kinshasa, Kairo na Cape Town. Nikamwuliza mishale ielekee wapi, maana Kairo iko kaskazini na barabara yake inakwenda kusini. Akasema yote ielekee kusini, kwa sababu upande wa pili ni ukuta wa jirani yake na hawasemezani. Nikasema, Patroni, mtu akiufuata mshale huu atakwenda Rumonge. Akasema dunia ni duara, kila barabara inafika Kairo, kinachotakiwa ni subira. Mimi ni fundi wa herufi, si fundi wa dunia, nikakubali.

Iliyobaki ikawa kazi ya namba. Patroni hakuwa nazo. Alidhani ni mali ya fundi, zinakuja pamoja na rangi. Nikaenda gereji ya Buyenzi, pale malori ya safari ndefu yaliposimama tangu mipaka ifungwe, na madereva wake wanashinda uvunguni mwa malori wakicheza karata. Nilipowauliza Mombasa ni kilometa ngapi, karata ziliwekwa chini. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kuwauliza kitu wanachokijua. Papo hapo wakaunda kamati, mwenyekiti Mzee Bukuru, dereva mstaafu ambaye masikio yake ni mazito lakini barabara zote za huku na za kwetu anazo kichwani, kona kwa kona.

Kairo na Cape Town hakuna aliyepata kufika. Tuliazima ramani kwa mwalimu wa jirani, tukatandaza uzi wa cherehani juu yake, tukaupima. Namba ilipotoka, Mzee Bukuru aliiongeza mia nne, akasema uzi haujui makorongo na wala haupotei njia. Kwa hiyo ukiona Kairo imeandikwa elfu tano na mia tisa, ujue mia nne ni za Mzee Bukuru. Kinshasa walibishana kutwa nzima kama barabara yenyewe ipo. Wakakubaliana kwamba kwenye ramani ipo, iandikwe, na asiyeamini akaitazame.

Ugomvi hasa ulikuwa Mombasa, kwa sababu Mombasa wote wamefika. Kila dereva ana daftari lake la safari, huandika mita ya gari ilivyosoma akitoka na ilivyosoma akifika. Wote walikuwa na elfu moja mia tano na hamsini, mmoja akizidisha kidogo, mwingine akipunguza. Rajabu peke yake alisema elfu moja mia saba na themanini. Rajabu unamjua katika barua zangu, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mume wa Mama Hawa anayeuza maandazi mlangoni mwa gereji. Wenzake walimcheka, wakasema mita yake mbovu. Ni mtu wa kujisikia, huyo; akaenda nyumbani mbio akaleta madaftari yake yote, na kila safari ilikuwa na namba hiyohiyo, haizidi, haipungui. Akaapa kwamba lori lake halijawahi kusema uongo.

Mzee Bukuru akafikiri, kisha akatoa hukumu. Dereva anaweza kuifupisha njia kwa majivuno, alisema, lakini hakuna dereva atakayeirefusha wakati tajiri anampimia mafuta. Ndefu ndiyo ya kweli. Nikaandika 1780. Tulikuwa wanaume tisa pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kitu.

Kibao kilisimamishwa Jumapili iliyopita. Nisijisifu sana, lakini ungekiona ungenisamehe nusu ya makosa yangu. Rangi ya kijani ni ile iliyobaki nilipopaka milango ya msikiti, imamu aliniruhusu, na herufi nyeupe zimesimama wima, hakuna hata moja iliyoegemea mwenzake. Watu walitoka kanisani na nguo zao nzuri wakaja moja kwa moja kutazama. Watu ambao hawajatoka nje ya mji miaka mingi, wanaoogopa hata kwenda Gatumba kununua kitenge, walisimama chini ya Cape Town wakijadili kama elfu tano ni mbali sana au ni mbali kiasi. Patroni alipita katikati yao akipeana mikono kana kwamba ni yeye aliyeijenga miji ile.

Mama Hawa naye alikuja na beseni lake, maana penye watu pana biashara. Akasimama akasoma kutoka juu mpaka chini, akarudia Mombasa. Akamwuliza dereva mmoja wa kamati kama ndivyo ilivyo. Yule, kwa kutaka kuonyesha kwamba yeye hakushindwa, akasema la, wao wote wana mia tano na hamsini, ila Rajabu ndiye ana zaidi. Mama Hawa akaweka beseni chini. Akauliza, bila ukali wowote, hizo mia mbili na thelathini za Rajabu zinakwenda wapi.

Hakuna aliyejibu ila Mzee Bukuru. Yeye alisikia hesabu tu, hakusikia jambo lenyewe, na hesabu za barabara hazimpiti.

"Mia mbili makumi tatu," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Hiyo ni kutoka Nzega mupaka Tabora. Kwenda na kurudi. Mi naijua sana ile njia."

Mama Hawa akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kati ya wenzake wa kamati.

"Tabora kuna nini, Rajabu?"

Rajabu akasema Tabora kuna asali nzuri.

"Miaka yote hii," Mama Hawa akasema, "kwangu haijafika hata chupa moja."

Akachukua beseni lake akaondoka. Nyumba ya Tabora ina mke na watoto wawili, hilo sasa linajulikana mpaka Carama. Rajabu alikuja kwangu jioni ileile kabla jua halijatua, akaniomba niibadilishe namba, nifute tu mbili hizo za katikati. Nilikuwa karibu kumhurumia, lakini mkewe alikuwa ameshapita. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu mchana na kuniambia maneno machache: "Baba Mwajuma, ile pankarte ikae vile iko." Patroni naye hakutaka ibadilishwe, alisema Mombasa ikiwa mbali zaidi ni faida kwa kituo. Kwa hiyo namba bado iko pale, na Rajabu akipita hutazama ziwa.

Nimekueleza haya si kwa umbea, ingawa najua umefurahi. Nimekueleza kwa sababu wewe ulidhani kinachonikwamisha huku ni mwanamke. Mama Hawa tangu siku hiyo amekagua nyumba za madereva wote na mafundi wote wa Buyenzi, yangu akaanza nayo. Aliona godoro moja, sufuria moja na mimi. Muulize mwenyewe, maana ndiye aliyekuletea barua hii. Anapanda msafara wa Jumatatu, afike kwako, kisha Ijumaa apande treni ya Kigoma mpaka Tabora. Nilimwuliza anakwenda kufanya nini. Akasema anataka kuziona zile kilometa kwa macho yake. Mpokee, mpe chai, na habari za Rajabu usimwulize, atakuambia mwenyewe kabla maji hayajachemka.

Sasa nije kwenye jambo letu. Jumatatu hii iliyopita, asubuhi, askari alikuja kibandani akasema komanda wa bariyeri ananiita. Nilifunika rangi zangu nikawaaga majirani mmoja mmoja, maana kuitwa bariyeri si kuitwa chai. Nikamkuta komanda, mtu mwembamba wa makamo, amesimama chini ya kibao na mikono nyuma. Patroni alikuwa pembeni, tai imemwendea begani.

"Nani alikupa ruhusa ya kuandika Kairo?" aliniuliza.

Nikamtazama Patroni. Patroni akatazama kuku.

Komanda akasema saa kumi ikifika hapiti mtu pale, hata anayekwenda kununua ndizi, na sisi tunawatuma watu Kairo. Askari wake tangu jana hawalindi, wanasoma. Akataka kujua namba zile ni siri ya nani na zinapelekwa kwa nani. Sikuthubutu kuficha kitu, Zena, kwa kuwa katika mji huu watu wamepotea kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikamweleza yote, kamati, uzi wa cherehani, mia nne za Mzee Bukuru, na nilipofika kwa Rajabu na asali ya Tabora nikaona shavu la komanda linacheza. Akageuka akakohoa kwa muda mrefu.

Alipogeuka tena sauti ilikuwa nyingine. Akauliza kama chini ya Cape Town nafasi inatosha jina moja. Nikasema inatosha mawili. Akasema niandike Cankuzo, ni kwao, upande wa mashariki karibu na mpaka wetu, hajafika miaka mitatu. Nikamwuliza kilometa ngapi. Huyu hakuhitaji daftari.

"Mia mbili makumi mbili na moja," akasema. "Mupaka pa mulango ya mama."

Nikaandika palepale, yeye mwenyewe akinishikia kopo la rangi. Cankuzo nimeipendezesha kuliko Kairo, nakiri. Nilipomaliza akaniuliza na mimi kwetu ni wapi. Nikasema Ujiji. Akasema nafasi ya pili si hiyo hapo, andika. Nikaandika Ujiji, herufi tano na nukta zake nne, kisha nikabaki na brashi hewani.

"Kilometa ngapi?" akauliza.

Nikasema sijui, afande, mimi nilikuja kwa boti.

"Kairo unajua. Cape Town unajua," akasema polepole. "Na kwako haujui?"

Zena, nilishindwa kumjibu kama nilivyoshindwa kukujibu wewe. Miaka minne najiambia kwamba kwetu ni hapo tu, nikitaka nitakwenda, ni usiku mmoja wa boti. Kumbe kitu unachokiona karibu hukipimi, na usichokipima kinakwenda mbali bila wewe kujua. Nikamwambia hata mke wangu ameniuliza hivyohivyo kwa barua. Nikamweleza habari ya Mwajuma, ya Mzee Kitwana na ya Ijumaa. Akatikisa kichwa, akasema harusi si sababu, kila mtu ana harusi.

Lakini akaendelea kukitazama kibao. Akasema jina lisilo na namba, tena mbele ya bariyeri yake, ni utovu wa nidhamu, na hawezi kulivumilia. Akaomba karatasi. Patroni akakimbia kuleta, mara ya kwanza kumwona akikimbia. Komanda akaandika juu ya boneti ya gari lake, akagonga mhuri, akanipa. Ninayo hapa mbele yangu ninapoandika. Jina langu liko sawasawa, tarehe ni ya Alhamisi, na mahali pa sababu ya safari pameandikwa: kupima kilometa.

Nilibembeleza kwa ajili ya harusi sikupata, nimepewa kwa ajili ya namba. Usimwambie Mzee Kitwana, atadhani namfanyia mzaha.

Kwa hiyo naja Alhamisi. Vikwazo vimeanza kulegea, na malori machache yanakwenda Kigoma kuchukua mizigo. Nitakuja na lori la Rajabu. Ameomba apangiwe safari hiyo amfuate mkewe kabla hajafika Tabora, na mimi nimemchagua yeye kwa sababu mita ya gari lake haisemi uongo, hilo tumelithibitisha sote. Nitakaa mbele, nitaandika ilivyosoma tukitoka bariyeri na itakavyosoma nikishuka mlangoni kwako. Nimemwonya kwamba asikate kona hata moja kwenda kutafuta asali.

Sasa soma taratibu. Njia ile si ya mzaha. Wiki tatu zilizopita msafara ulipigwa kabla ya kufika Rumonge na kuna watu hawakurudi, mmoja nilimwandikia kibao cha duka lake. Naogopa, sitakuficha. Mama Hawa anaogopa pia, ila hasira yake ni kubwa kuliko woga. Kwa sababu hiyo naandika haya mbele ya mashahidi wawili: mimi Haruna bin Sefu, baba mzazi wa Mwajuma, nampa mdogo wangu Sadi uwakili wa kumwoza binti yangu kwa Idi bin Kitwana, kwa mahari waliyokwisha kukubaliana, ikiwa Ijumaa swala ya alasiri itaswaliwa nami sijafika. Mashahidi wametia saini pembeni, Mzee Bukuru na Rajabu. Saini ya Rajabu imetetemeka kwa sababu mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Mwajuma mwambie akubali. Mwambie asiichukie karatasi hii, mistari hiyo minne nimeiandika kwa mkono uleule na kwa utulivu uleule ninaoandikia aya za msikitini, na nilitumia asubuhi nzima. Nisipofika, maneno ya karatasi hii ni maneno yangu, na asimfukuze kijana mwema kwa ajili ya barabara mbaya. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, lakini mwaka huu langu liwepo hata kama mimi sipo.

Sadi mwambie akiupata huo uwakili aseme maneno ya ndoa tu, asitoe hotuba. Mama msalimie, mwambie nimemtafutia mafuta ya mawese ya kuchua mguu. Shangazi yako wa boti msalimie pia, mwambie alisema kweli kuhusu usiku mmoja, wakati ule dunia ilikuwa fupi. Bibi Tatu jirani yetu, aliyekushauri unipige mistari miwili chini ya methali, maana mkono ule naujua si wako, mpe salamu na umwambie Mama Hawa angependa kufahamiana naye. Mzee Kitwana mkwe wetu mwambie Ijumaa haipiti bila ndoa.

Patroni amenisihi niandike namba yoyote kwanza, alau mia mbili, nitarekebisha baadaye, kwa sababu wapita njia wanamwuliza Ujiji ina kasoro gani. Nimekataa. Nimemwambia, ukiiacha Cankuzo, hiyo peke yake katika kibao kizima itakuwa ya kweli.

Komanda anataka niilete ndani ya siku kumi. Kwa hiyo ukiniona mlangoni, usinipe pole ya safari. Niulize kilometa ngapi, nikujibu. Kisha niulize narudi lini, nikujibu na hilo: namba ataipeleka Rajabu.

Mumeo,
Haruna